Ukirudi Majini Uzeeni, Vaa Vifaa Lakini Ujue Kuvivua

Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja alijifunza kuogelea baharini, na bahari ikambeba. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ndiyo maana mwili huelea humo kwa urahisi kuliko kwenye bwawa. Mtu huyo akishastaafu, daktari akamshauri afanye mazoezi, huingia bwawani na kushangaa: mikono inakumbuka, ila miguu inazama. Mita 25 tu, pumzi imekwisha.

Hapo mwalimu humpa boya la kubana mapajani. Mara nyonga zinapanda, mwili unanyooka, na mzee anavuka bwawa zima bila kuhema. Nafuu hiyo ni ya kweli, wala si ya kuonea haya. Mapafu yana hewa, kwa hiyo kifua huelea. Miguu ni mizito, nayo huvuta chini. Boya likishaishikilia miguu, mtu hupata nafasi ya kushughulikia jambo moja moja: leo pumzi, kesho mikono.

Tatizo huanza boya linapoficha kosa. Mara nyingi miguu huzama kwa sababu mtu anatazama mbele badala ya kutazama sakafu ya bwawa. Kichwa kikiinuka, nyonga hushuka. Kwa boya, kosa hilo halionekani. Unaweza kuogelea hivyo mwaka mzima, na siku ukilivua ukajikuta pale pale ulipoanzia.

Vifaa vingine navyo vina madhara yake. Mapezi humsaidia mwenye vifundo vya miguu vilivyokakamaa, jambo la kawaida umri ukisogea, lakini yakiwa marefu mno misuli ya miguu hukaza. Kibao cha kushika mbele huinua shingo na kukunja kiuno. Mwenye maumivu ya mgongo afadhali apige miguu akiwa chali. Vibao vya viganjani ndivyo vya kuhadhari zaidi, maana mzigo wake huishia begani, na bega la miaka 60 halivumilii kama la kijana. Benjamin Franklin, aliyezaliwa Boston mwaka 1706, alijitengenezea vibao vya namna hiyo angali mdogo. Vilimpa kasi, lakini vilimchosha vifundo vya mikono.

Basi kanuni iwe hii: kila kifaa kiingie majini na kazi yake, kikiimaliza kitoke. Vuka bwawa mara moja ukiwa na boya, ukisikilizia nyonga zinavyokaa juu. Liweke ukingoni. Papo hapo, kabla mwili haujasahau, rudi bila boya, macho sakafuni, ukitafuta hali ile ile. Ukiishia katikati, simama, pumua, anza tena. Wiki zikipita, safari zisizo na boya zizidi zenye boya.

Nayasema haya kwa uchungu, kwani wazee wengi huacha kuogelea wakidhani wakati wao umepita, na wengine huamini boya kupita kiasi. Boya la mapajani si kifaa cha kuokoa maisha. Linaweza kuchomoka wakati wowote. Asiyeweza kuelea bila hilo asiende kwenye kina kirefu, wala asiogelee peke yake. Uwezo wako halisi majini ni ule unaobaki vifaa vikiwa ukingoni. Huo ndio wa kuujenga.