Ukoko wa Njano Juu ya Mwamba

Panda Mlima Kenya upite misitu, ufike kwenye mawe yaliyoachwa na barafu iliyorudi nyuma. Utaona madoa ya njano yenye ukijani yamegandamana na mwamba. Jaribu kubandua moja kwa kisu: utaambulia ungaunga na vipande vya jiwe. Hiyo ni Rhizocarpon geographicum, mashuhuri kuliko likeni zote za ukoko, viumbe vya kuvu na mwani kwa pamoja.

Isogelee kwa lenzi ya mkono. Njano ile imegawanyika katika vigae vidogo vidogo vyenye nyufa, na katikati ya vigae kuna vitone vyeusi. Humo ndimo kuvu anamotengenezea spora zake. Pembeni unapita ukingo mweusi wa nyuzi za kuvu mtupu, asiye na mwani. Madoa yanapokutana, kingo hizo hubaki kama mipaka ya nchi kwenye ramani, na ndiko lilikotoka jina la spishi.

Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiita Lichen geographicus mwaka 1753, enzi ambazo likeni zote alizirundika katika jenasi moja. Mwanabotania De Candolle akaihamishia jenasi ya Rhizocarpon mwaka 1805. Mwaka 1867 Mswisi Simon Schwendener akatangaza kwamba likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na wakubwa wa fani wakamkejeli. Hoja yake ndiyo iliyoshinda. Leo jina la likeni ni la kuvu wake. Mwani wa ndani ana jina lake mwenyewe.

Basi kuvu hawa tuwapange vipi? Wataalamu wa kale walianza na rangi: wa njano, wenye asidi ya rizokapiki, huku, wa kijivu na kahawia kule. Kisha wakahesabu vyumba vya spora. Ni mpango mzuri wa kutambulia, ila si wa kujulia ukoo, kwani vinasaba vilipoanza kusomwa, makundi ya rangi na spora hayakulingana na nasaba. Binafsi sishangai. Rangi ni shahidi mwepesi kununulika.

Mfano ni Rhizocarpon alpicola. Nayo ni ya njano, nayo hukaa kwenye mawe ya baridi. Ila spora yake ina vyumba viwili tu, wakati ya geographicum imegawanywa kwa kuta za wima na za mlalo. Tone la iodini kwenye nyama nyeupe ya ndani hugeuka buluu kwa geographicum. Kwa alpicola halibadiliki.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya maabara. Mwaka 1950 Roland Beschel, Mwaustria, alieleza jinsi ya kukadiria umri wa mawe yaliyoachwa na barafu kwa kupima kipenyo cha likeni, kwa kuwa ukoko huu hukua taratibu mno, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa mwaka. Njia hiyo imefika hadi Mlima Kenya. Lakini alpicola na geographicum hazikui kwa kasi moja. Anayezichanganya atalipa jiwe umri usio wake, na kosa hilo litaingia katika historia ya barafu nzima.

Wapimaji wengi hawabebi hadubini mlimani, hivyo huandika “kundi la geographicum” na kuendelea. Si dhambi, mradi mstari wa ukuaji wanaoutumia kugeuza kipenyo kuwa umri nao uwe umechorwa kutokana na kundi hilohilo, katika mlima wenye hali ya hewa ileile. Msomaji wa ripoti kama hizo aanze kwa kukagua jambo hilo kabla hajaamini tarehe yoyote.