Tovuti ya Mombasa, Seva ya Ulaya

Tovuti nyingi za biashara za Mombasa hazikai Mombasa. Nyumba ya wageni ya Kibokoni au Ndia Kuu hulipia nafasi katika seva iliyoko London, Frankfurt au Marekani, kwa kuwa huko bei ni nafuu. Mtu aliye Makadara, mwendo mfupi wa miguu kutoka nyumba hiyo, akitaka kuona picha za vyumba vyake, ombi lake hushuka baharini, likapita Bahari ya Shamu hadi Ulaya, na jibu nalo huifuata njia ndefu kama hiyo.

Safari hiyo ina kikomo kisichoondoshwa kwa pesa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mkongo wa nyuzi hizo wenye kilomita 10,000, kwenda na kurudi, hula milisekunde 100 kabla ya kuhesabu mitambo ya njiani. Lau ingekuwa safari moja, nani angelalamika? Lakini simu na seva kwanza husalimiana, kisha hupeana funguo za siri, ndipo ukurasa uombwe. Nao ukifika hudai picha, miundo ya herufi na programu ndogondogo, na nyingine kati ya hizo hudai nyingine tena.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 angani, na ombi na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde. Juni mwaka huo mkongo wa TEAMS, unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa. Julai mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, na baadaye wakafuata EASSy na LION2. Ahueni ilikuwa kubwa, ila mkongo haukuisogeza Ulaya hata hatua moja.

Dawa iliyobaki ni kuweka nakala za tovuti karibu na wasomaji. Hiyo ndiyo kazi ya mtandao wa kusambaza maudhui: seva nyingi zilizotawanywa duniani, kila moja ikihudumia watu wa eneo lake. Biashara hii ilishika kasi na Akamai, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998 na Tom Leighton na Daniel Lewin wa chuo cha MIT. Mwaka 2015 Cloudflare, kampuni nyingine ya Marekani, ilifungua kituo chake cha 43 mjini Mombasa. Kilikuwa cha pili Afrika, baada ya Johannesburg. Mombasa haikupata bahati hiyo kwa ukubwa wake; hapa ndipo mikongo inapopanda nchi kavu.

Mwenye tovuti hahamishi chochote. Hubadilisha tu maelekezo ya jina la tovuti yake, ili maombi yapitie kwanza kwenye mtandao huo. Ombi la kwanza bado huenda Ulaya, lakini kituo hubakisha nakala ya jibu, na wanaofuata huipata papo hapo. Kwa hivyo tovuti yenye wageni wachache haifaidiki sana, maana nakala isiyoombwa hufutwa kupisha nyingine. Wauzaji wa huduma hii ni nadra kulitaja hilo.

Si kila kitu kinafaa kunakiliwa. Picha za milango ya nakshi zaweza kukaa mwaka mzima. Bei za vyumba zipewe dakika chache, au nakala ifutwe kila zinapobadilika. Ukurasa wa mteja aliyeingia kwa nenosiri usihifadhiwe kabisa, kwani ukihifadhiwa, mteja mwingine anaweza kufunguliwa malipo yasiyo yake.

Nakala za karibu husaidia pia mkongo unapokatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa iliangusha nanga pasipostahili na kuukata TEAMS, siku chache baada ya mikongo mingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Kilichohifadhiwa ndani ya nchi huendelea kufunguka.

Lakini kituo kuwa Mombasa hakutoshi. Kampuni ya intaneti ikiwa inapeleka data zote Nairobi kwanza, msomaji wa Mombasa hupewa nakala ya Nairobi, au ya mbali zaidi. Kubadilishana data humu humu nchini kumekuwa na vita vyake: KIXP, kituo kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2000 kwa kazi hiyo, kilifungwa mwaka huo huo baada ya kampuni ya simu ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena mwaka 2002.

Njia inayofuatwa na data ni rahisi kuijua. Kwa tovuti inayopitia Cloudflare, mtu huongeza /cdn-cgi/trace mwishoni mwa jina la tovuti hiyo, kisha hutazama mstari wa colo, unaoonyesha kituo kwa herufi tatu za uwanja wa ndege. MBA ni Mombasa, NBO ni Nairobi, JNB ni Johannesburg. Msomaji aliye Mombasa akikuta JNB, kasoro mara nyingi iko katika njia za kampuni yake ya intaneti, na fundi wa tovuti hawezi kuitengeneza.