Maili za mwisho kuelekea Key West

Intracoastal Waterway ni njia ya maji inayoifuata pwani ya mashariki ya Marekani kwa upande wa ndani, nyuma ya visiwa vinavyoikinga bara na mawimbi ya Atlantiki. Kipande chake kinachopendwa zaidi na wasafiri huanza Norfolk, Virginia, penye maili sifuri, kikateremka kupitia North Carolina, South Carolina na Georgia hadi Florida. Miami ipo kwenye maili ya 1,089. Key West, kisiwa cha mwisho, kipo kwenye maili ya 1,243, yaani kilomita 2,000. Maili hizo huhesabiwa kama za barabarani, si za baharini, na baharia aliyezoea ramani za bahari kuu hukosea hesabu za siku mbili tatu za kwanza.

Wanaoipita njia hii majira ya vuli wengi husafiri wawili wawili: mume na mke, mara nyingi wastaafu, ndani ya boti ya injini au ya tanga yenye urefu wa mita 10 hadi 15. Wanaikimbia baridi ya kaskazini. Tarehe ya kuondoka hawajipangii wenyewe. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huisha rasmi tarehe 30 Novemba, na kampuni nyingi za bima hazikubali kulipia hasara ya chombo kilichoteremka kusini mno kabla ya Novemba kuanza. Basi husogea polepole, wakibanwa na theluji nyuma na vimbunga mbele, sawa na manahodha wa majahazi waliokuwa wakiingoja kaskazi kabla ya kushuka kutoka Ghuba kuja Lamu na Unguja.

Mwendo ni wa taratibu. Boti ya aina hiyo huenda noti 6 au 7, na kwa kuwa kusafiri usiku katika njia nyembamba ni hatari, siku nzima huishia kwenye maili 50 hivi. Ukiongeza siku za upepo mbaya, za kufua nguo na za kutengeneza pampu iliyoharibika, safari hula mwezi mmoja hadi miwili. Anayefika Fernandina Beach, mji wa kwanza wa Florida, yuko kwenye maili ya 717. Kimahesabu amebakiza chini ya nusu.

Nyuma yake ameacha maji yenye historia nzito. Mfereji wa Dismal Swamp, karibu na mwanzo wa njia, ulianza kuchimbwa mwaka 1793 na kufunguliwa 1805. Waliouchimba kwa mikono, wakiwa ndani ya matope, ni watumwa, na kinamasi hichohicho kilikuwa maficho ya waliotoroka. Maili 469 kutoka Norfolk ipo bandari ya Charleston. Hapo, alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, mtumwa mwanamaji aitwaye Robert Smalls aliiondoa gatini meli ya kijeshi ya Planter wakati maofisa wake wamelala mjini. Akavaa kofia ya nahodha, akapiga honi za utambulisho kila alipoipita ngome, akaifikisha meli kwa majeshi ya Muungano, yaani upande wa kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndani yake alikuwamo mkewe, Hannah, pamoja na watoto wao. Baadaye Smalls aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani huko Beaufort, mji ulio kwenye njia hiyohiyo, na akachaguliwa kuwa mbunge wa Marekani. Kati ya safari zote ambazo mume na mke wamewahi kusafiri kwenye maji haya, hiyo haina mfano.

Georgia ndiyo inayowafunza wasafiri adabu ya maji. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 2, mito inajipinda katikati ya vinamasi vya nyasi, na sehemu kama Hell Gate, Little Mud River na Jekyll Creek hujaa matope kuliko ramani inavyoonyesha. Kisheria njia inapaswa kuwa na kina cha futi 12, yaani mita 3.7, kutoka Norfolk hadi Fort Pierce. Lakini kazi ya kuchimbua mchanga ni ya kikosi cha wahandisi wa jeshi, na fedha za serikali hufuata kwanza mahali penye shehena nyingi za biashara. Boti za wastaafu hazihesabiwi kuwa shehena. Matokeo yake, wenye mikuku mirefu huzipita sehemu hizo maji yakiwa yanajaa, ili chombo kikikwama maji yenyewe yaje kukiinua. Anayepwelewa maji yakiwa juu siku ya bamvua kuu amepata balaa, kwani maji ya siku zinazofuata hayatafika tena pale.

Ndipo inapokuja Florida, na wengi huona safari imekwisha. Fikra hiyo ndiyo inayowaponza. Maili 370 hivi kutoka Fernandina hadi Miami zina mawimbi madogo kuliko kwingine kote, ila zinachosha kuliko zote, kwa sababu adui si bahari tena. Adui ni madaraja, mchanga unaohama, na watu.

Mchanga uanze. Kila palipo na mlango wa bahari, mikondo huingiza mchanga na kuupanga upya. Matanzas, kusini kidogo ya St. Augustine, ni mfano unaojulikana: maboya huhamishwa mara kwa mara kufuata njia mpya, na ramani ya mwaka jana huweza kukupeleka juu ya fungu. Alama nazo huchanganya. Anayeelekea kusini huyaacha maboya mekundu kulia kwake, lakini penye mlango wa bahari huwa pia na maboya ya wanaoingia bandarini kutoka baharini, na rangi za pande hizo mbili huweza kukinzana. Dawa yake ni kialama kidogo cha njano kilichobandikwa kwenye nguzo au boya. Chenye pembetatu ya njano kiachwe kulia, chenye mraba wa njano kushoto, rangi ya boya lenyewe iwe iwavyo.

St. Augustine kwenyewe, mji uliojengwa na Wahispania mwaka 1565, hushikilia wasafiri siku kadhaa. Ngome yake ya Castillo de San Marcos, iliyoanza kujengwa 1672, ni ya mawe yaliyotokana na kombe zilizogandamana, laini kiasi kwamba risasi za mizinga zilizama ukutani badala ya kuubomoa. Anayetia nanga mbele yake azingatie kwamba mkondo hapo ni mkali na hugeuka kila baada ya saa sita. Urefu wa mnyororo haukisiwi kwa macho. Hupimwa kina cha maji, hujumlishwa kimo cha omo juu ya maji na kiasi kitakachojaa, kisha jumla huzidishwa mara tano, au saba upepo ukitarajiwa. Penye mita 3 za maji, na omo ya mita 1, ni mita 20 hadi 28 za mnyororo, kabla ya kuhesabu maji ya kujaa. Halafu injini hurudishwa nyuma polepole mpaka nanga iume, na mmoja wa wanandoa hutazama mti na nguzo ufukweni kuhakikisha haviachani.

Kusini ya Daytona njia huingia Mosquito Lagoon, ikakata Mfereji wa Haulover na kutokea Indian River, ambayo kwa kweli si mto bali ni wangwa mrefu. Kutoka Titusville jengo kubwa la kuunganishia roketi la Kennedy Space Center huonekana ng'ambo ya maji, na wapo wanaotia nanga hapo siku mbili tatu wakingoja kurushwa kwa chombo cha anga. Maji ni mapana, lakini nje ya mfereji uliochimbwa kina ni kidogo kwa sehemu kubwa. Humo huishi manatee, jamaa wa nguva wetu, ambao makovu ya rafadha yaliyo mgongoni mwao hutumiwa na watafiti kuwatambua mmoja mmoja. Mwaka 2021 walikufa zaidi ya 1,100 katika Florida, idadi isiyowahi kuandikwa kabla, wengi kwa njaa baada ya uchafu kusababisha mwani mdogo kuziba mwanga na kuziua nyasi za bahari. Kwa ajili yao zipo sehemu ndefu za mwendo wa pole, nyingine mwaka mzima, nyingine katikati ya Novemba hadi mwisho wa Machi, yaani msimu uleule wa wasafiri.

Mfereji huu wa Florida haukuanza kwa ajili ya starehe. Kampuni binafsi iliundwa mwaka 1881 ili kuuchimba, ikilipwa kwa ardhi ya umma, na ikaumaliza mwaka 1912. Ilichelewa mno. Reli ya Henry Flagler ilikuwa imefika Miami tangu 1896, na katika Januari ya mwaka huohuo wa 1912 treni ilifika hadi Key West. Mfereji mwembamba wenye minyororo ya kutoza ushuru usingeweza kushindana na garimoshi. Mwaka 1927 jimbo liliunda mamlaka maalumu ya kuununua na kuukabidhi kwa serikali kuu, na tangu hapo kupita ni bure.

Kutoka Palm Beach hadi Miami, umbali wa maili 70, ndipo penye kazi. Pande zote mbili ni kuta za saruji na majumba ya matajiri. Kila boti kubwa ikipita, wimbi lake hugonga ukuta, likarudi, likakutana na jingine, na maji hayatulii mchana kutwa. Madaraja ya kufunguka yamefuatana, na mengi hufunguka kwa ratiba tu: saa kamili na nusu saa, au robo na robo kasoro. Msafiri huita kwa redio chaneli ya 9, akataja jina la daraja na la chombo chake, kisha akangoja. Kungoja huko ndiko kwenye fundisho. Mkondo unasukuma kutoka nyuma, boti sita zimesongamana mahali penye nafasi ya mbili, na mwenye usukani anapaswa kurudisha nyuma kidogo, kugeuza omo, kurudisha tena, bila kuligusa jahazi la jirani. Lango likifunguka, chombo kinachosukumwa na mkondo huachiwa kipite kwanza, kwa kuwa ndicho kisichoweza kusimama. Kisha wote hukazana kuliwahi daraja linalofuata, wakijua ukichelewa dakika mbili utangoja nyingine ishirini na nane.

Wenye milingoti mirefu wana tatizo lao. Madaraja mengi yasiyofunguka yalijengwa kwa kimo cha futi 65, karibu mita 20. Daraja la Julia Tuttle, mjini Miami, lina futi 56 tu. Kwa hiyo boti ya tanga iliyopita salama maili elfu na zaidi hulazimika kutoka kwenda baharini pale Fort Lauderdale na kuingilia mlango wa Government Cut, Miami. Ni mwendo wa saa chache, ila nje kuna mkondo wa Gulf Stream unaokimbilia kaskazini karibu kabisa na ufuko. Upepo wa kaskazi ukivuma dhidi yake, mawimbi husimama wima. Wanaojua huteremka wakiwa wameubana ufuko, au huahirisha.

Baada ya Miami kina rasmi hupungua hadi futi 7, na maji hugeuka rangi ya kijani kibichi ambayo mtu wa Mafia au Watamu ataitambua mara moja. Njia hupita Biscayne Bay na katikati ya visiwa vya mikoko. Marathon, katika ghuba ya Boot Key, kuna maboya zaidi ya 200 ya kufungia boti, na katikati ya majira ya baridi hujaa, watu wakaandikishwa foleni. Wengi huishia hapo. Wengine hutoka Miami au Palm Beach kuvuka kwenda Bahamas. Bimini iko kilomita 80 hivi kutoka Miami. Wachache huendelea hadi Key West, ambako Kuba iko karibu kuliko Miami kwa njia ya barabara.

Kuhusu wanandoa wenyewe, lipo jambo moja ambalo boti hulifichua kuliko nyumba. Kwa desturi mume hushika usukani na mke hushika kamba, ilhali kuruka gatini na kuvuta kamba kunataka nguvu, na usukani hautaki nguvu. Mgawanyo huo ni wa mazoea, si wa akili. Kelele za injini huwafanya wapigiane makelele mbele ya gati zima, ndiyo maana wengi sasa huvaa vipaza sauti vya kichwani. Tatizo kubwa zaidi huja pale mwenye usukani anapougua au kuteleza majini, na aliyebaki hajawahi kukigeuza chombo peke yake.

Mume na mke wanaofikiria safari kama hii, iwe Florida au mahali pengine popote, wabadilishane kazi tangu wiki ya kwanza: aliyezoea kamba aingize boti gatini, aliyezoea usukani atie nanga. Na wapime kimo cha mlingoti wao kabla ya kuondoka.