Fahamu namna programu ya kusoma msimbopau kwa simu inavyolinda dawa za umma
Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Boksi la dawa linapofika katika zahanati ya kijiji, kazi ya kwanza si kulipanga kwenye rafu bali kuliandika. Ni dawa gani, zimefika ngapi, ni za toleo lipi na mwisho wa matumizi yake ni lini. Kwa miaka mingi majibu ya maswali hayo yameandikwa kwa mkono kwenye leja na kadi ya stoo, kisha yakanakiliwa kwenye fomu na kupelekwa ngazi ya wilaya. Katika kila kunakili, tarakimu moja inaweza kukosewa au kubadilishana nafasi na jirani yake. Aidha, taarifa inapofika kwa mfamasia wa wilaya huwa inaeleza hali ya stoo ya wiki kadhaa zilizopita.

Madhara ya makosa hayo hayaishii kwenye karatasi. Dawa iliyopo kwenye leja lakini haipo kwenye rafu humaanisha kuwa mgonjwa anarudi nyumbani bila tiba. Dawa iliyosahaulika nyuma ya maboksi hadi ikapitwa na muda humaanisha kuwa fedha za umma zinateketezwa, na huenda zikateketezwa wakati kituo cha jirani kinaitafuta dawa hiyo hiyo.

Njia mojawapo ya kupunguza hasara hiyo ni kutumia programu za kukusanya taarifa kwa kusoma msimbopau, au bakodi kama wengi wanavyoiita, kupitia simu janja, kishikwambi au kifaa maalumu cha mkononi. Makala haya yanaeleza namna programu hizo zinavyofanya kazi, mipaka yake na nafasi ya mwananchi.

Msimbopau ni nini

Msimbopau ni namba iliyochorwa kwa mistari ili mashine iweze kuisoma. Wazo hilo lilisajiliwa kama uvumbuzi nchini Marekani mwaka 1952 na Norman Joseph Woodland na Bernard Silver. Bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa kusomwa msimbopau wa aina tunayoifahamu leo ilikuwa pakiti ya bazoka, tarehe 26 Juni, 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio. Mwaka 1994 kampuni ya Denso Wave ya Japani ilibuni msimbo wa QR, wenye umbo la mraba, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari.

Mistari inayoonekana kwenye bidhaa za dukani kwa kawaida haibebi jina la bidhaa, bei wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Inabeba namba ya utambulisho tu, ambayo mara nyingi ina tarakimu 13. Maelezo mengine yote yamo kwenye kanzidata, na programu ndiyo inayoyatafuta huko kwa kutumia namba hiyo.

Tarakimu ya mwisho ina kazi ya pekee, nayo ni kuhakiki tarakimu 12 zilizoitangulia. Tuchukue namba ya mfano 6201234567893. Tarakimu zilizo katika nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hadi ya 11 zikijumlishwa hufanya 26. Zile za nafasi ya pili, ya nne, ya sita hadi ya 12 hufanya 27, na zikizidishwa kwa tatu hupatikana 81. Jumla ni 107. Ili kufikia 110, namba ya karibu inayogawanyika kwa 10, zinahitajika tatu, na hiyo ndiyo tarakimu ya mwisho. Mtumishi akiandika kwa mkono na kukosea tarakimu moja yoyote, hesabu haikubali na programu inakataa namba hiyo papo hapo. Akibadilisha nafasi za 7 na 8, inakataa pia. Yapo machache yanayoweza kupenya, kama vile kubadilishana kwa tarakimu mbili za jirani zilizopishana kwa tano, mfano 1 na 6, lakini makosa mengi ya mkono hunaswa kabla hayajaingia kwenye kumbukumbu.

Vifungashio vingi vya dawa vina alama nyingine, ndogo, ya mraba na yenye vitone. Hiyo inabeba mengi zaidi. Kwa utaratibu wa kimataifa unaosimamiwa na taasisi ya GS1, alama hiyo inaweza kusomeka hivi: (01)06201234567893(17)280630(10)A125. Namba zilizo kwenye mabano ni vitambulisho vya kipengele kinachofuata. Namba 01 inatangulia utambulisho wa bidhaa, 17 inatangulia tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo hapa ni 30 Juni, 2028, na 10 inatangulia namba ya toleo. Kwa kusoma mara moja, majibu matatu kati ya maswali manne ya mtunza stoo yamepatikana. La nne, yaani idadi, analiingiza mwenyewe.

Kazi inayofanywa na programu

Kusoma mistari ni hatua ya kwanza tu. Kisomeo cha kawaida hufanya kazi kama kibodi: kinaandika tarakimu pale kielekezi kilipo, basi. Programu ya kukusanya taarifa inakwenda mbele zaidi kwa kuambatanisha kila namba na mazingira yake, yaani muda, mahali, jina la mtumishi aliyeingia kwenye mfumo, na aina ya tukio. Tukio linaweza kuwa kupokea, kutoa, kuhamisha, kuhesabu au kuondoa dawa iliyoharibika. Kwa namna hiyo, leja inajiandika wakati kazi yenyewe inapofanyika, si jioni mtumishi anapojaribu kukumbuka yaliyotokea mchana.

Programu nzuri pia huuliza pale inapoona jambo lisilo la kawaida. Endapo hati ya usambazaji inaonyesha makasha 20 na mtumishi amesoma 18, haimruhusu kufunga mapokezi bila kueleza upungufu huo. Endapo tarehe ya mwisho wa matumizi imekaribia au imepita, inatoa tahadhari kabla boksi halijaingia stoo. Hapo ndipo kunakuwa na nafasi ya kurekebisha, dereva akiwa bado hajaondoka.

Kufanya kazi pasipo mtandao

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni namna mfumo wa aina hii unavyoweza kutumika maeneo ambayo mawasiliano ya intaneti ni hafifu. Jibu ni kwamba programu iliyobuniwa kwa mazingira hayo huhifadhi kumbukumbu ndani ya kifaa chenyewe kwanza. Mtumishi anapokea na kutoa dawa kama kawaida, na kifaa kinapopata mtandao ndipo kumbukumbu zinatumwa kwenye seva.

Mpangilio huo unahitaji umakini katika mambo mawili. La kwanza, kila kumbukumbu ipewe namba yake ya pekee ndani ya kifaa, ili mtandao ukikatika katikati ya kutuma na kumbukumbu ikatumwa tena, seva itambue kuwa ni ile ile na isiihesabu mara mbili. La pili, mfumo utunze matukio badala ya salio peke yake. Watumishi wawili wanaotumia vifaa viwili katika stoo moja wakituma salio, la pili litafuta la kwanza. Wakituma matukio, kwamba huyu ametoa vidonge 30 na yule ametoa 60, seva inakokotoa salio sahihi bila kujali nani ametangulia.

Uzoefu wa kukusanya taarifa kwa vifaa vya mkononi si mgeni nchini. Katika Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti, 2022, makarani walitumia vishikwambi katika kuhesabu watu, na idadi iliyopatikana ni 61,741,120. Baada ya sensa, vishikwambi hivyo viligawiwa kwa matumizi mengine ya umma, wakiwemo walimu. Somo lake ni kwamba kifaa kilichonunuliwa kwa kazi moja kinaweza kufanya nyingine, ili mradi programu inayofaa iwepo.

Programu zenyewe si lazima ziwe za gharama kubwa. Zipo za chanzo huria, kama ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambayo humwezesha mratibu kutengeneza dodoso lenye kipengele cha kusoma msimbopau kwa kamera ya simu ya kawaida. Kamera inatosha pale panapopokelewa maboksi machache kwa siku. Katika ghala kubwa ambako mtumishi husoma mamia ya makasha, kifaa maalumu chenye kisomeo chake, betri ya kudumu na gamba la kustahimili kuanguka huokoa muda na kupunguza uchovu.

Kinachoisha mapema kitoke mapema

Faida kubwa ya kuwa na tarehe na namba ya toleo katika kumbukumbu huonekana katika mambo mawili.

Kwanza ni mpangilio wa kutoa dawa. Mazoea ya wengi ni kutoa kilichoingia kwanza. Kwa dawa, mazoea hayo yanaweza kupotosha, kwa kuwa boksi lililofika jana linaweza kuwa na muda mfupi kuliko lililofika miezi mitatu iliyopita. Programu inayofahamu tarehe humwelekeza mtumishi kwenye boksi linaloisha mapema. Ikiona kwamba kwa kasi ya matumizi ya kituo hicho dawa haitakwisha kabla ya muda wake, mfamasia wa wilaya anaweza kuihamishia kituo kingine ingali salama.

Pili ni uondoaji wa dawa sokoni. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), inayosimamia Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, ina mamlaka ya kuzuia dawa isiyokidhi viwango. Mara nyingi tatizo huwa la toleo moja, si la dawa yote. Bila kumbukumbu za toleo, kila kituo hulazimika kupekua rafu zake, na baadhi huweza kuacha kutumia dawa salama kwa hofu. Penye kumbukumbu, utafutaji mmoja katika kanzidata huonyesha vituo vilivyopokea toleo hilo na kiasi kilichobaki.

Mambo yasiyowezwa na programu

Ni muhimu wananchi na watumishi wafahamu kwamba programu haioni boksi, bali inaona alama iliyosomwa. Mtumishi akisoma boksi moja mara mbili kwa ajili ya mawili, kumbukumbu zitasema mawili. Dawa ikitolewa pasipo kusomwa, kumbukumbu zitasema bado ipo. Kwa sababu hiyo kuhesabu rafu kwa macho na mikono kunabaki kuwa lazima, na inafaa anayehesabu asiwe yule yule anayetoa. Kifaa humwonyesha msimamizi mahali ambapo hesabu mbili hazikubaliani. Kuuliza kwa nini ni kazi yake.

Vilevile, msimbopau si uthibitisho wa ubora wala uhalisi. Mistari inaweza kunakiliwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Wapo pia wanaoamini kwamba namba inayoanza na 620 inathibitisha kuwa bidhaa imetengenezwa Tanzania. Tarakimu hizo zinaonyesha tu kuwa namba ilitolewa kupitia GS1 Tanzania. Kampuni iliyosajiliwa huko inaweza kuzalisha kwingine, na bidhaa ya Tanzania inaweza kuwa na namba iliyotolewa nje.

Taarifa za mgonjwa

Msimbo unaweza pia kuwekwa kwenye kadi ya kliniki au bangili ya mgonjwa, na hapo suala la faragha huingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inaweka wajibu kwa kila anayekusanya taarifa za watu. Utaratibu salama ni kadi kubeba namba isiyo na maana kwa asiyehusika, huku jina na historia ya matibabu vikibaki kwenye seva inayofunguliwa na mwenye idhini tu. Kifaa kiwe na nywila na kiweze kufutwa taarifa zake endapo kitaibiwa.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi mwenye simu janja tayari anashiriki katika mfumo wa aina hii. Kwa bidhaa zenye stempu za kodi za kielektroniki, zilizoanza kutumika nchini Januari 2019, ipo programu ya Hakiki Stempu ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), inayomwezesha mnunuzi kuhakiki stempu kwa simu yake. Risiti ya mashine ya EFD nayo ina msimbo wa QR wa kuhakiki kwamba mauzo yamesajiliwa.

Kwa upande wa dawa, wananchi wanakumbushwa kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kifungashio, kutunza kifungashio chenye namba ya toleo hadi dozi itakapokwisha, na kutoa taarifa kituoni au TMDA wanapopata madhara au wanapotilia shaka dawa. Pale mtoa huduma anapochukua muda mfupi kusoma boksi kwa simu kabla ya kutoa dawa, mgonjwa afahamu kuwa hachezei simu. Anaandika leja, na usahihi wa leja hiyo ndio utakaoamua iwapo mgonjwa atakayefuata ataikuta dawa au ataambiwa imekwisha.