Nairobi hutazama mchezo huu na kucheza ule: uga ndio huamua

Ukimwuliza mkazi wa Kangemi au Kawangware ni mchezo upi aupendao, aghalabu atakujibu "kandanda" kabla hujamaliza swali. Lakini swali hilo ni mawili ndani ya moja. Mchezo anaoutazama Jumamosi jioni ni wa Arsenal au Manchester United, timu ambazo huenda asizione kwa macho yake maishani. Mchezo anaoucheza, iwapo bado anacheza, hutegemea jambo jingine kabisa: kama kuna kiwanja anachoweza kukifikia kwa miguu, na ambacho langoni pake hapana mlinzi wa kumwuliza kadi ya uanachama.

Tuanze na kutazama, maana huko ndiko waliko wengi. Kuna wakati ambapo Mwanairobi aliyetaka kuona kandanda ya hadhi alilazimika kujibanza kwenye umati uwanjani. Mwaka wa 1987 Gor Mahia ilitoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis, kisha sare ya 1-1 uwanjani Kasarani, ikatwaa kombe la Afrika la washindi wa vikombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Wazee wa mji huu wangali wanausimulia usiku huo.

Televisheni ya kulipia ndiyo iliyogeuza mambo. Kampuni ya GTV iliingia sokoni mwaka wa 2007 ikiwa na haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza, na ingawa ilifilisika mapema mwaka wa 2009, kiu ilikuwa imekwisha kuingia. Saa nazo zilisaidia. Mechi inayoanza saa tisa alasiri Uingereza huanza saa kumi na moja jioni Nairobi, au saa kumi na mbili huko kunapokuwa na baridi. Huo ndio wakati fundi wa Gikomba na karani wa barabara ya Moi wamemaliza kazi ya Jumamosi na kurejea mtaani. Kibanda cha video kiko hatua chache kutoka nyumbani, na kiingilio chake ni kidogo kuliko nauli ya matatu hadi Kasarani na kurudi. Kisha ikaja kamari ya simu, iliyoshika kasi kuanzia mwaka wa 2014. Leo mtu hukesha akitazama timu asiyoweza kumtaja hata mchezaji wake mmoja, kwa sababu tu imo kwenye mkeka wake.

Wapo wanaowasuta mashabiki hawa kuwa ni watumwa wa ng'ambo. Lawama hiyo naiona haina haki. Runinga ya SuperSport ilipojiondoa katika ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2017, ligi ya nyumbani ilipotea kwenye vioo vya vibanda hivyo, na shabiki hawezi kupenda asichokiona. Tena kuna nyakati ambapo kioo na mtaa vilikutana. Victor Wanyama, aliyejiunga na Southampton mwaka wa 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, aliwahi kuichezea Nairobi City Stars, klabu yenye mizizi yake Kawangware.

Kucheza ni habari nyingine, na ramani huieleza vyema kuliko takwimu. Toka katikati ya jiji, ushike barabara ya Ngong kuelekea magharibi. Hujaliacha jiji, na tayari uga wa gofu wa klabu ya Reli uko kando yako. Ukiendelea utaupita uwanja wa raga wa RFUEA, kisha klabu ya Impala, kisha bustani ya Jamhuri, na mwisho uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka wa 1954. Upande wa kusini, klabu ya gofu ya Royal Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, imepakana na Kibera. Upande wa kaskazini wa barabara hiyo ni Kawangware.

Uga wa gofu wenye mashimo 18 kwa kawaida huchukua hekta 50 hivi. Uwanja kamili wa kandanda, wenye mita 105 kwa 68, haufiki hata hekta moja, nao huchezewa na watu 22 kwa mpigo. Kwa hivyo upande huu wa Nairobi hauna uhaba wa nyasi. Uhaba ulioko ni wa nyasi zisizo na ua. Kijana wa Kibera anayeingia uga wa gofu huingia aghalabu akiwa amembebea mwanachama mkoba wa vyuma. Si haba, kwani baadhi ya wachezaji gofu wa kulipwa nchini walianza kwa kubeba mikoba hiyohiyo.

Raga ilikuja kwa njia ya shule. Shule ya Lenana iliyoko barabara ya Ngong na Shule ya Nairobi iliyoko karibu na Kangemi zilianzishwa na wakoloni kwa ajili ya wavulana wa Kizungu, zikiitwa Duke of York na Prince of Wales, na kila moja ilipewa viwanja vya kutosha. Mchezo ukabaki baada ya wenyewe kuondoka. Ndiyo sababu hadi leo mchezaji wa raga ukimwuliza alijifunzia wapi, hukutajia shule, ilhali wa kandanda hukutajia mtaa.

Hata hivyo, raga imefanikiwa kupata watazamaji wasioicheza. Mashindano ya Safari Sevens, yaliyoanza mwaka wa 1996 na kuandaliwa kwa miaka mingi katika uwanja wa RFUEA, yaliwavuta watu wasiojua tofauti ya skramu na tope. Siri yake ni ufupi. Katika raga ya wachezaji saba kila kipindi ni dakika saba, hivyo mechi nzima huisha kabla kandanda haijafika hata nusu ya kipindi cha kwanza, na mgeni hahitaji kujua zaidi ya kwamba kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari ni alama tano. Kenya ilipoicharaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, Aprili 17, 2016, na kutwaa taji lake la kwanza katika msururu wa dunia, waliosherehekea vilabuni Westlands na waliosherehekea Kangemi walikuwa wameona mchezo mmoja.

Kriketi haikubahatika hivyo, nami husikitika kila ninapoupita uwanja wa Nairobi Gymkhana. Hapo ndipo Shahid Afridi wa Pakistan alipofikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 mwaka wa 1996, rekodi ya dunia wakati huo. Hapo ndipo Kenya ilipoilaza Sri Lanka kwa mikimbio 53 mnamo Februari 24, 2003, Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano, katika Kombe la Dunia ambalo tulifika nusu fainali. Kwa majuma machache nchi nzima ilitazama kriketi. Lakini mchezo ulibaki nyuma ya kuta za vilabu, uga haukuongezeka mitaani, na mwaka wa 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya mechi za kimataifa za siku moja.

Riadha ni kinyume cha haya yote. Imetuletea medali kuliko mchezo mwingine wowote, na barabara haihitaji kadi ya uanachama. Alfajiri utawakuta wakimbiaji katika bustani ya Arboretum. Lakini mkazi wa jiji aliiona kuwa kazi ya watu wa Bonde la Ufa, hadi Ferdinand Omanyala, aliyecheza raga kabla ya kugeukia mbio, alipotimka mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani mnamo Septemba 2021.

Na wasichana? Wengi wao hucheza mpira wa pete shuleni, na wamalizapo masomo hawaoni tena uga wenye nguzo zake. Pamoja na hayo, timu ya kwanza ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia la kandanda ilikuwa yao: chipukizi wa chini ya miaka 17, walioilaza Mexico 2-1 katika Jamhuri ya Dominika mwaka wa 2024. Sijui ni vibanda vingapi vya video vilivyofungua mlango kwa ajili yao.

Mwaka huohuo wa 2024 ulianza ujenzi wa uwanja wa watu 60,000, ulioitwa Talanta, karibu na Jamhuri kando ya barabara ya Ngong, kwa maandalizi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027 ambazo Kenya ilikabidhiwa pamoja na Uganda na Tanzania. Mkazi wa Kawangware anaweza kuufikia kwa miguu. Tiketi itampa kiti cha kutazamia. Mahali pa kuchezea ataendelea kupatafuta kwenye viwanja vya shule za msingi, jioni wanafunzi wakishaondoka, akisubiri zamu nyuma ya timu nyingine tatu.