Naamani na Chupa za Vidonge

Asubuhi hii twataka kusema na akina baba, hasa wale walioambiwa na daktari kwamba wana saratani ya tezi dume. Akina mama, msizime redio. Neno hili lawahusu ninyi pia.

Mwazijua habari za Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Alikuwa jemadari mkubwa, naye ana ukoma. Alifika kwa Elisha na farasi na magari, fedha na dhahabu na mavazi kumi, akitazamia kufanyiwa jambo kubwa. Nabii hata hakutoka nje. Alituma mtu kumwambia aende akaoge mara saba katika Yordani. Naamani akakasirika, maana dawa ile ilikuwa nyepesi mno kwa mtu wa cheo chake.

Tulimkumbuka Naamani siku tulipomtembelea mzee mmoja wa parishi yetu. Chini ya kitanda alikuwa na chupa sita: vitamini E, seleniamu, zinki, na nyingine ambazo maandishi yake hata sisi yalitushinda. Aliuza mtamba ili azinunue. Daktari wake hakuambiwa neno. Mkewe naye hakuambiwa, ila alimwona mtamba akiondoka.

Basi na tuseme wazi juu ya chupa hizo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani na Kanada walianza kuwafuata wanaume zaidi ya 35,000 wasiokuwa na saratani, wapate kujua kama vitamini E na seleniamu zaweza kuwakinga. Mwaka 2008 wanaume hao waliambiwa waache vidonge, kwa kuwa faida haikuonekana. Habari za mwaka 2011 zilikuwa mbaya zaidi: waliopewa vitamini E peke yake, kipimo cha 400 kila siku, walipatwa na saratani hii kwa asilimia 17 zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Tena mwaka 2014 ulitolewa utafiti mwingine, wa wanaume ambao tayari walikuwa wagonjwa. Waliokuwa wakimeza seleniamu nyingi walikufa kwa saratani hiyo zaidi kuliko wasiomeza. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba vidonge ndivyo vilivyoua. Lakini ni nani atakayeuza mtamba kwa tumaini kama hilo?

Hatusemi kwamba vitamini ni sumu. Zilizo katika maharagwe, njugu na sukuma wiki ziko kwa kiasi. Katika chupa zimekusanywa nyingi kupita haja ya mwili.

Iko haja moja ya kweli, nayo yafaa tuikazie. Wagonjwa wengi huchomwa sindano za kupunguza homoni ya kiume, kwa sababu saratani hii hulishwa na homoni hiyo. Sindano hizo husaidia sana, lakini mifupa hudhoofika, misuli hupungua, na tumbo huongezeka. Mzee akianguka jikoni aweza kuvunjika nyonga. Huyo ahitaji kalisiamu, kiasi cha miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula na vidonge pamoja. Kikombe cha maziwa kina karibu 300, na omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao nao wanayo. Vitamini D husaidia kalisiamu iingie mifupani. Ikiwa chakula hakitoshi, daktari ndiye aseme vidonge vingapi, maana kalisiamu ikizidi nayo ina madhara yake.

Na mboga je? Tungependa kuwaambia kwamba mboga huzuia saratani hii, lakini mhubiri hana ruhusa ya kutia chumvi. Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya wanaume 478 wa Marekani, ambao saratani yao ilikuwa ikiangaliwa tu bila kutibiwa. Nusu yao walihimizwa kwa miaka miwili kula mboga kwa wingi, na ugonjwa wao haukukawia zaidi ya ule wa wenzao. Hata hivyo tuleni mboga. Wazee wengi wenye saratani hii hufa kwa moyo, si kwa saratani, na moyo huzipenda mboga.

Kinachobaki ni Yordani yenyewe, mambo mepesi yasiyouzwa dukani. Tembea kwa haraka karibu kila siku, nusu saa, hata kama ni kwenda kanisani na kurudi. Inua vitu vya uzito wa kadiri, upate kurudisha misuli. Sigara iache kabisa. Wavutao hufa kwa saratani hii zaidi ya wasiovuta. Pombe na nyama choma za kila Jumamosi, wenyewe mwajua.

Lakini Naamani hakushuka mtoni kwa akili yake. Watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, wakasema naye kwa upole. Mama, nawe kijana, ifanyeni kazi hiyo. Msimsute mzee juu ya mtamba. Zitieni chupa zote katika mfuko mmoja, hata zile za miti shamba, mwende naye kliniki, mkaziweke mezani mbele ya daktari.

Na tuombe. Ee Bwana, uwe pamoja na baba anayengoja majibu ya damu wiki hii, na mkewe aliye macho usiku kando yake. Amina.