Mtu ni watu: Deni ambalo jamii husahau kulilipa

Hebu sikiliza jinsi Waswahili wanavyolaumu. Mtu akimtelekeza mamake mgonjwa, majirani husema, "Huyo si mtu!" Hawamaanishi kwamba amegeuka mnyama. Mikono anayo, miguu anayo, hata kitambulisho cha kitaifa anacho mfukoni. Alichokosa ni utu.

Kisarufi, mtu na utu ni maneno yenye mzizi mmoja, -tu. Kinachobadilika ni kiambishi: m- humtaja kiumbe, u- hutaja hali au sifa. Lugha yetu basi hutenganisha kuzaliwa mtu na kuwa na utu. La kwanza hukamilika siku mama anapojifungua. La pili huchukua umri mzima, na hupimwa kwa jinsi unavyoishi na wenzako. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa mtu ni watu.

Litazame pia neno binafsi. Peke yake halina ubaya wowote: mali ya binafsi, maoni ya binafsi. Liongeze u- mwanzoni, ghafla linakuwa lawama. Mwenye ubinafsi ni mchoyo, ni yule mwamba ngoma anayeivutia ngozi kwake. Yaani lugha yenyewe humshuku anayesimama peke yake, kiasi kwamba tukitaka kumtaja bila kumlaumu hatuna budi kutafuta neno jingine, kama vile upekee.

Msimamo huu ulipata mtetezi maarufu katika John Mbiti, mwanatheolojia mzawa wa Kitui. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy kilichotoka 1969, alieleza kwamba katika jamii za Kiafrika mtu hujitambua kupitia kundi lake. Linalompata yeye limewapata wote, na linalowapata wote limempata yeye.

Huko Ufaransa mambo yalikuwa yamesemwa kinyume. Mnamo 1945 mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara uliovuma jijini Paris. Hoja yake ilikuwa kwamba binadamu hazaliwi na maana aliyokwisha kuandikiwa. Kwanza yupo, kisha hujiundia maana kwa uamuzi na matendo yake. Uhuru huo ni mzito kwa sababu hauachi nafasi ya kumsingizia mtu mwingine. Falsafa hii ndiyo wahakiki wa Kiswahili wanayoiita udhanaishi.

Je, mawazo haya mawili yaligonganaje katika fasihi yetu? Msomaji mpenzi, hapo ndipo anapoingia Euphrase Kezilahabi, mzawa wa kisiwa cha Ukerewe, Tanzania, aliyeaga dunia Januari 2020. Riwaya yake Kichwamaji ilichapishwa 1974. Mhusika mkuu, Kazimoto, ni kijana wa chuo kikuu. Anaporudi kwao, elimu imemtenga na wanakijiji na imani za wazee hazimshiki tena. Hata ndoa haimpi jibu la swali linalomkereketa: tunaishi kwa nini? Mwishowe anajitoa uhai.

Ni rahisi kusema kwamba Kazimoto aliharibiwa na vitabu vya Wazungu. Wako wanaosoma riwaya hii hivyo, kama onyo kwa wasomi waliokata mizizi. Usomaji huo una ukweli, ila unaiachilia jamii mapema mno. Watu wamemzunguka Kazimoto: wazazi, marafiki, mke. Alichokosa ni mahali ambapo swali lake lingepokelewa kama swali, lisichukuliwe kuwa kiburi cha msomi. Ikiwa kweli mtu ni watu, basi anapozama hatuwezi kusema ni yeye tu aliyeshindwa kuogelea.

Kwani jamii za Kiafrika hazikuwa na watu wa kuuliza maswali? Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilikabili suala hilo. Yeye na wenzake waliwaendea wazee wenye hekima mashinani na kuwahoji. Aligundua wapo wanaosimulia tu mila zilivyo. Wapo pia wanaozipima, wakakubali hili na kukataa lile kwa sababu walizozifikiria wenyewe. Wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa 1990 katika kitabu Sage Philosophy. Funzo ni kwamba kijiji kilikuwa na nafasi ya mtu mwenye fikra zake, naye hakufukuzwa kwa kuwa nazo.

Suala hili si la darasani pekee. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Fikiria hilo kwa kipimo cha methali yetu. Mtu amefika mwisho wa nguvu zake, anaokolewa, halafu wa kwanza kumkaribisha tena duniani ni askari mwenye pingu! Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, ikiwemo haki ya heshima ya binadamu. Kwa lugha ya mtaani, mahakama ilisema kwamba mgonjwa hapelekwi korokoroni.

Lakini hukumu haiwezi kubadilisha ndimi zetu. Bado tunamwambia kijana asiye na kazi kwamba "hajawa mtu". Bado mwanamke asiyejaliwa mtoto huulizwa harusini na matangani ataitwa mama lini. Jamaa akifariki, kundi la WhatsApp huundwa usiku huohuo na michango ikamiminika. Alipokuwa hai akilia kimyakimya, ni wangapi waliompigia simu?

Kwa maoni yangu, Mbiti na Sartre kila mmoja alishika nusu. Hakuna ajiumbaye mwenyewe. Hata lugha tunayotumia kusema "mimi" tulipewa na wengine. Ila pia hakuna kundi linaloweza kuishi maisha ya mtu kwa niaba yake, wala kumjibia swali la kwa nini yupo. Methali ya mtu ni watu imekuwa ikisomwa kama hati ya madai dhidi ya mtu: changa, oa, zaa, tii. Isomeni pia kutoka upande wa pili. Ikiwa utu wangu umo mikononi mwenu, basi mnawajibika kuutunza, hasa siku ambayo mimi mwenyewe nimeshindwa kuuona.

Nawe unayesoma haya ukihisi mzigo umekuelemea, mtafute mtu umweleze leo, awe rafiki, jirani au mhudumu wa afya. Kusema si udhaifu. Mkono mmoja haulei mwana, na hakuna aliyekua akaacha kuhitaji mkono wa pili.